UZI: Ndege za vita kwenye stempu, na watu wanaoachwa nje ya picha

Bahasha ya Kaki (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mwaka 1997 mjomba wangu alikuwa London, na barua zake zilitufikia Tanga. Mama akisoma barua, mimi nasubiri bahasha. Siku moja ikaja bahasha yenye stempu ya peni 63: ndege ya jeti inakata anga, na nyuma yake mawingu. Nikayakazia macho yale mawingu nikaona uso wa mtu mzima. Mama alisema ni mawingu tu. Bibi akaichukua, akaisogeza dirishani, akasema, "Huyu ni mtu, na ana jina lake."

Bibi alikuwa sahihi. Yule ni Sydney Camm, na ndege ni Hawker Hunter aliyoibuni yeye. Stempu zile ziko tano, zilitolewa na posta ya Uingereza tarehe 10 Juni 1997 kuwaenzi wabunifu wa ndege. R. J. Mitchell yuko na Spitfire kwenye peni 20, Roy Chadwick na Lancaster peni 26, R. E. Bishop na Mosquito peni 37, George Carter na Meteor peni 43, kisha Camm. Wote nyuso zao zimefichwa mawinguni. Tanga ikapata Hunter badala ya Spitfire kwa sababu ya nauli tu: peni 20 na 26 zilikuwa za barua za humohumo Uingereza, ile ya 63 ndiyo ya kuvuka bahari.

Tangu hapo nakusanya stempu za ndege za vita. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila nikikutana na wakusanyaji wenzangu tunazungumzia aina ya injini, idadi ya bunduki na bei ya mnada. Mimi swali langu la kwanza limebaki lile la bibi: mtu yuko wapi kwenye picha hii?

Mchukueni Mitchell. Alifariki tarehe 11 Juni 1937. Spitfire yake ilikuwa imeruka mara ya kwanza Machi 1936, na hakuwahi kuiona ikipigana hata siku moja. Stempu ilitoka zikiwa zimepungua siku moja tu kutimia miaka 60 ya kifo chake. Chadwick naye alikufa Agosti 1947 kwenye ajali ya ndege ya kampuni yake mwenyewe ikiwa kwenye majaribio. Waya za usukani zilikuwa zimefungwa kinyume, rubani akitaka kulalia kulia ndege inalalia kushoto. Ukishayajua hayo, huwezi tena kuitazama stempu ya peni 26 ukaona chuma tupu.

Sasa niwapeleke nyuma kabisa, kwa stempu ya ndege inayojulikana kuliko zote duniani. Wengi mmeisikia kwa sababu ya bei. Wachache wanakumbuka kwamba ile nayo ni ndege ya jeshi.

Mei 1918, vita vya kwanza bado vinaunguruma Ulaya, Marekani ilianzisha posta ya ndege kati ya Washington, Philadelphia na New York. Ndege zilikuwa za jeshi, na marubani wa mwanzo walikuwa wanajeshi. Walitumia Curtiss JN-4, ambayo watu waliiita Jenny, ndege ya mabawa mawili ya kufundishia marubani wa vita. Kiti cha mbele kiling'olewa ili mifuko ya barua ikae hapo. Stempu ikachapwa kwa ajili ya huduma hiyo, senti 24, fremu nyekundu na ndege ya buluu katikati. Rangi mbili maana yake karatasi ipite mashineni mara mbili, na ukiiingiza mara ya pili imegeuka, ndege inatoka miguu juu.

Tarehe 14 Mei karani mmoja wa Washington, William Robey, alikwenda dirishani posta akanunua karatasi nzima ya stempu 100 kwa dola 24. Zote ndege imepinduka. Wakaguzi wa posta walimfuata wakiitaka irudi, akakataa. Ndani ya siku chache aliiuza kwa Eugene Klein, mfanyabiashara wa stempu wa Philadelphia, kwa dola 15,000, na Klein akamuuzia tajiri Edward Green kwa dola 20,000. Klein ndiye aliyemshauri Green aikate karatasi ile, na kabla ya kukata akaandika namba kwa penseli nyuma ya kila stempu. Ndiyo maana leo kila moja inajulikana kwa namba yake kama mtoto wa darasani. Namba 49 iliuzwa mnadani Novemba 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.

Hapo ndipo simulizi nyingi zinaishia, kwenye bei. Mimi nataka mtu. Ubavuni mwa ndege ile kwenye stempu imechorwa namba 38262. Tarehe 15 Mei, siku ya safari ya kwanza, Rais Woodrow Wilson akiwepo uwanjani, ndege yenye namba hiyohiyo ilipewa rubani kijana, Luteni George Boyle. Kwanza injini ilikataa kuwaka, kumbe tangi halina mafuta. Ikajazwa, akaruka, akafuata reli ili asipotee. Reli yenyewe siyo. Badala ya kwenda kaskazini Philadelphia akaenda kusini, akatua vibaya Waldorf, Maryland, pangaboi likavunjika. Barua zikarudishwa Washington kwa gari na kusafirishwa kesho yake.

Boyle hayumo kwenye stempu. Namba ya ndege yake imo. Naona ni haki kila anayetaja dola milioni 2 amtaje na yule kijana aliyepewa ndege isiyo na mafuta mbele ya rais.

Naendelea chini, ila tafadhali changieni.

---

Fundi wa Mabawa

Mkuu umenigusa. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, sikusanyi stempu, lakini hili la waya za usukani kufungwa kinyume ni jambo tunalofundishwa hadi leo. Baada ya kufunga, mmoja anakaa ndani anasogeza usukani, mwingine anasimama nje anatazama bawa na kusema kwa sauti linakwenda wapi.

Nyongeza moja. Watu wanaipenda Spitfire mno, na stempu nazo zinawafuata. Katika vita vya anga vya Uingereza vya mwaka 1940, ndege nyingi zaidi za Wajerumani ziliangushwa na Hurricane. Ilikuwa na sehemu kubwa ya mbao na kitambaa, ikitobolewa inazibwa na kurudi kazini upesi. Na Hurricane ni ya Camm huyohuyo wa bahasha yako.

---

Bahasha ya Kaki

Fundi, asante sana, na umenifungulia njia ya seti ninayoipenda kuliko zote.

Tarehe 13 Septemba 1965 Uingereza ilitoa stempu nane za kutimiza miaka 25 ya vita hivyo vya anga. Sita za peni 4 zilichapwa zimeshikana kwenye karatasi moja, kila moja na picha yake, jambo ambalo posta yao haikuwa imelifanya kabla. Kuna Spitfire zikiruka kwa mpangilio, kuna Spitfire ikiishambulia Stuka, ndege ya mabomu ya Wajerumani, kuna rubani ndani ya Hurricane. Mbili zilizobaki ni mizinga ya kutungulia ndege, na anga ya London juu ya kanisa kuu la St Paul's ikiwa imechorwachorwa kwa moshi wa ndege zinazopigana.

Kelele zilitoka kwenye stempu moja. Inaonyesha Hurricane zikipita juu ya mabaki ya ndege ya Kijerumani aina ya Dornier, na kwenye mkia uliovunjika kuna swastika, alama ya Wanazi. Stempu hiyohiyo ina kichwa cha Malkia. Kuna waliosema alama ile haifai kukaa pamoja na Malkia kwa namna yoyote, na kwa watu waliopoteza jamaa zao kwenye makambi ya Wanazi, miaka 20 haikuwa mingi. Wengine wakajibu kwamba mkia umevunjika na uko chini, hiyo ndiyo habari yenyewe. Stempu ilitoka hivyohivyo.

Mimi nawaelewa waliolalamika. Stempu inalambwa, inabandikwa, inapita mikononi mwa mtoto. Lakini kwenye seti nzima naisimamia zaidi ile yenye rubani, uso umefunikwa na miwani na barakoa ya hewa. Kwenye vita ile waliruka karibu watu 3,000 upande wa Uingereza, na 544 walikufa kabla vita yenyewe haijaisha. Miongoni mwao walikuwamo Wapoland, Wacheki, watu wa New Zealand. Huyo aliyefunikwa uso anaweza kuwa yeyote kati yao.

---

Mkaazi wa Nakuru

Habari zenu ndugu. Hiyo Hunter ya peni 63 si ngeni huku kwetu. Jeshi la anga la Kenya lilikuwa na Hunter miaka ya sabini, zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika na Waingereza. Baba alikuwa akituambia mlio wake ulikuwa tofauti na wa ndege nyingine zote, alikuwa anaujua hata akiwa shambani. Wajomba zangu walioishi Oman wanasema jeshi la kule nalo lilikuwa nazo, zilizotoka Jordan.

Sasa naomba msaada. Nimenunua mtandaoni karatasi ya stempu tisa za ndege za vita, jina la nchi ya Afrika limeandikwa juu, bei ilikuwa chini sana. Rangi ni kali, karatasi inang'aa, nyuma hakuna jina la mchapaji. Je, ni halali?

---

Karani Mstaafu

Mwanangu wa Nakuru, nimekaa dirishani posta miaka mingi, nikusaidie. Kuna stempu za aina tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile posta imeitoa, tumeiuza, imepigwa muhuri, barua imekwenda. Hiyo haina mjadala.

Ya pili imetolewa kwa idhini ya posta ya nchi, lakini ilichapwa mahsusi kwa wakusanyaji wa nje. Miaka ya themanini na tisini Tanzania na Uganda zilitoa nyingi sana za namna hiyo, za mada za kila aina, na wateja wetu dirishani wengi hawakuwahi kuziona. Hizo ni halali, ila bei yake haipandi kwa sababu zipo tele.

Ya tatu ni karatasi iliyochapwa na mtu binafsi akaandika jina la nchi ambayo haijui habari hiyo. Ndege za vita, treni, paka na waigizaji ndiyo mada zao kubwa, maana zinauzika. Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukitoa matangazo kuzikana stempu hizo, na tangu mwaka 2002 una mfumo wa namba wa kuorodhesha stempu ambazo posta za nchi wanachama zimezithibitisha. Tafuta yako humo. Angalizo: si nchi zote zinasajili kila kitu, kwa hiyo kukosekana peke yake si hukumu. Lakini ukiunganisha na karatasi inayong'aa, bei ya chini na muuzaji mwenye nchi kumi na karatasi zinazofanana, mimi nisingeinunua tena.

Na wewe Bahasha ya Kaki, hiyo ya peni 63 usiiloweke majini uitoe. Iache kwenye bahasha. Muhuri wa tarehe na anwani ya mama yako vina thamani kuliko stempu tupu.

---

Bahasha ya Kaki

Shikamoo mzee. Bado iko kwenye bahasha, na itabaki hapo.

Niendelee na iliyonisumbua kwa miaka. Septemba 1986 Uingereza ilitoa stempu tano za jeshi lao la anga, kila moja na kamanda na ndege. Dowding na Hurricane, Tedder na Typhoon, Trenchard na DH9A, Portal na Mosquito. Na kwenye peni 31, Arthur Harris na Lancaster.

Harris aliongoza kikosi cha ndege za mabomu kuanzia 1942. Vijana 55,573 wa kikosi hicho walikufa vitani. Ni wengi mno, na kwa miaka mingi jamaa zao waliona hawakuheshimiwa ipasavyo. Upande wa pili ni miji iliyochomwa. Dresden peke yake, Februari 1945, walikufa watu wanaokadiriwa kufika 25,000. Sanamu ya Harris ilipozinduliwa London mwaka 1992, watu waliipigia kelele mbele ya mama wa Malkia na baadaye ikamwagiwa rangi nyekundu.

Stempu inaonyesha uso wa kamanda na ndege safi. Hakuna kijana aliyekaa kwenye kibanda cha bunduki mkiani, kwenye baridi, saa nane usiku. Hakuna mtu wa Dresden. Sisemi stempu ile isingetolewa. Nasema mimi nikiiweka kwenye albamu, pembeni yake naandika hizo namba mbili kwa mkono, ili mwanangu akifungua azione pamoja.

Wamarekani nao walifikia njiapanda hiyo. Mwishoni mwa 1994 posta yao ilitangaza stempu ya wingu la bomu la atomiki, yenye maneno kwamba mabomu yaliharakisha mwisho wa vita. Japani ikapinga, na picha ikabadilishwa akawekwa Rais Truman. Angalia walivyofanya: wingu likaondoka, mwanasiasa akaingia. Watu wa Hiroshima na Nagasaki hawakuwamo kwenye picha ya kwanza, na hawakuwamo kwenye ya pili.

---

Mwalimu Rehema

Kaka, umetaja wanaume watupu hadi sasa, niruhusu.

Mwaka 1939 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu tatu za wanawake marubani: Valentina Grizodubova, Polina Osipenko na Marina Raskova. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1938, walitoka Moscow hadi Mashariki ya Mbali bila kutua, kwa ndege iitwayo Rodina. Ndege ile ilibuniwa kuwa ya mabomu ya masafa marefu, ikabadilishwa ikatumika kuvunja rekodi. Mafuta yalipokaribia kwisha, Raskova aliambiwa aruke kwa mwavuli kwa sababu kiti chake kilikuwa puani mwa ndege, pahali pa hatari wakati wa kutua. Akatembea msituni siku kumi peke yake mpaka akaifikia ndege. Vita vilipoingia mwaka 1941 ndiye aliyeunda vikosi vitatu vya anga vya wanawake.

Mfano wako wa mtu kuachwa nje, hapa umegeuzwa. Nyuso ndizo zilizopewa nafasi.

Na kuna ya 2014, Marekani, senti 70: C. Alfred Anderson, Mmarekani mweusi, amevaa kofia ya urubani. Huyu aliwafundisha marubani weusi wa Tuskegee waliokwenda kupigana Ulaya. Hiyo naibandika ukutani darasani. Watoto huuliza ndege yake iko wapi. Nawajibu, yeye ndiye aliyefundisha wenye ndege.

---

Bahasha ya Kaki

Mwalimu, umenishika pale nilipopungukiwa, na nashukuru. Ya Raskova sina. Naitafuta kuanzia leo.

---

Binti wa Kilindoni

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi ni wa Mafia, na huku kwetu kuna stempu na kulikuwa na ndege za vita, mwaka mmoja, kisiwa kimoja.

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus hapo Unguja Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Mikoko ilivyo minene, kutoka baharini haionekani. Waingereza wakakiteka kisiwa chetu Januari 1915 na kuweka ndege hapa, ziende kuchungulia mtoni na kuelekeza mizinga ya meli. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta kwenye ndege yao ya mabawa mawili. Injini ikapigwa. Wakawa wanashuka, na Arnold bado anatuma kwa redio masahihisho ya shabaha. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa wote wawili. Königsberg ikaishia palepale.

Na wakati huohuo Waingereza walizichukua stempu za Kijerumani zilizokutwa kisiwani, zenye picha ya merikebu ya Kaisari wa Ujerumani, wakazigonga kwa mkono muhuri wa G.R. MAFIA. Baadaye wakagonga na za India. Leo ni nadra sana, na za kughushi ni nyingi kuliko za kweli.

Sijawahi kuona stempu yetu yenye ndege ile juu ya delta. Mafia tuna papa potwe kwenye kila tangazo, na nampenda, lakini hili nalo ni letu.

---

Karani Mstaafu

Binti, umenifundisha. Hizo za G.R. MAFIA nilizisikia kwa wakubwa zangu kazini, sikuwahi kuzishika. Mtu akikuletea moja asubuhi kwa bei ya soko la samaki, mrudishie.

---

Bahasha ya Kaki

Dada wa Kilindoni, nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Nikipewa nafasi ya kuchora stempu hiyo, ndege ningeiweka ndogo, juu kabisa kona ya kulia, moshi umeanza kutoka. Sehemu kubwa iwe delta yenyewe, mifereji na mikoko. Na chini, kwenye mtumbwi, mvuvi wa Rufiji amesimama na upondo mkononi, anatazama juu. Alikuwepo. Wote walioandika habari za siku ile walikuwa melini au angani, na delta ilikuwa na wenyewe.

Chini ningeandika majina matatu ya mahali: Rufiji, Mafia, na Salale ya hukohuko deltani. Thamani yake iwe ya barua ya ndani, mtu wa Utete amtumie mtu wa Kilindoni.

Fundi, kama unaijua ndege ile ya Cull inavyokaa angani injini ikizima, pua inakwenda wapi na mabawa yanalala vipi, nieleze nianze kwa penseli. Mkaazi wa Nakuru, weka picha ya karatasi yako, mbele na nyuma, mzee aione. Ya peni 63 nitaipiga picha kesho mchana hapa dirishani, ili na nyinyi muone uso ule mawinguni.